Mwaka wa Lori la Mzee Rajabu

Mama Zuhura alizikwa Musanda siku ya Jumatano, kabla ya adhuhuri, na mimi nilifika nimechelewa kwa sababu barabara ya kutoka Ekero ilikuwa matope matupu. Wanaume walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini, wananawa miguu kwenye mfereji. Niliketi na wanawake kwenye mikeka nyuma ya nyumba, nikapewa chai ya tangawizi, na baada ya muda bintiye marehemu, Zuhura mwenyewe, akaja akakaa karibu nami. Mwaka ninaotaka kuusimulia, yeye alikuwa ameolewa Busia na hakuyaona yaliyotokea. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada Ayuma, watu husema mama alipanda lile lori mpaka Turbo. Ni ukweli, ama ni maneno tu baba alikuwanga anajisemea?" Nikamwambia ni ukweli, na kwamba aliyekuwa ameshika usukani ni mimi. Alinitazama, akatazama mikono yangu, akasema siku moja nimweleze yote. Siku ile wageni walikuwa wengi na nilimweleza nusu. Nusu nyingine naiandika hapa.

Nilikuwa nimemaliza shule, nina umri wa miaka ishirini na kitu, naishi Kakamega kwa khotsa Andayi, yaani kaka ya mama yangu. Jinsi nilivyofika kwake ni habari ndefu isiyohusu lori, kwa hiyo naiacha. Khotsa alikuwa na yadi ya kutengeneza magari kando ya barabara iendayo Webuye. Mkewe alikaa shambani Shinyalu, akija mjini mara mojamoja kuleta unga na mboga za likhubi. Mimi nilipewa chumba cha mabati kilichokuwa stoo: kitanda upande mmoja, na upande wa pili rafu za makopo ya nati na bolti, mikanda ya mashine iliyoning'inia, na madumu ya oili chafu ambayo khotsa hakukubali kuyamwaga. Hata leo nikiingia mahali penye harufu ya grisi, mwili wangu hulegea kama mtu aliyefika kwao. Nilikuwa nimeambiwa nitapika na kupokea wateja. Baada ya mwezi wa kupika nilimwambia khotsa nataka spana. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole, mwimbaji wa kwaya, asiyependa kubishana na mtu yeyote. Akanipa gia boksi ya trekta na karai la dizeli, akasema, "Anza kwa kuosha. Ukiosha kitu vizuri utajua kiko namna gani." Basi nikaanza.

Habari ya lori ililetwa na dereva wa trekta la miwa aliyekuja kuziba pancha. Alisema Musanda kuna mzee mmoja ana kichwa cha trela cha zamani, cha aina ile isiyo na pua, ambayo dereva hukaa juu kabisa ya injini na uso wa gari ni bapa kama ukuta. Khotsa alikuwa amejifunzia ufundi kwenye malori ya namna hiyo akiwa kijana. Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, tulienda hata bila kubadilisha nguo. Tulilikuta nyuma ya nyumba, mahali miwa inapoanzia, limesimama juu ya matofali bila magurudumu ya mbele. Majani yalikuwa yamepanda mpaka kwenye madirisha. Kioo kimoja cha mbele hakikuwapo, nyigu wamejenga kwenye bomba la moshi, na ndani, kwenye kile kitanda chembamba cha nyuma ya viti ambacho madereva wa safari ndefu hulalia, kuku mwekundu alikuwa amelalia mayai. Khotsa alizunguka lori lote akilipapasa kwa kiganja, suti yake ya kanisani ikishika kutu, akitabasamu peke yake.

Mwenye lori alitoka nyumbani akitembea polepole, mzee mrefu mwenye kofia nyeupe. Huyu ndiye Mzee Rajabu. Alikuwa ameliendesha lori hilo karibu maisha yake yote ya kazi, akipeleka sukari nchi za juu na kurudi na shehena nyingine, na kampuni ya uchukuzi aliyoifanyia kazi ilipofungwa alipewa hilo lori kama shukrani, likiwa tayari limechoka.

"Asalaam aleikum," alisema. "Kama nyinyi ni watu wa vyuma chakavu, kunyweni chai mwende. Hao wengine nao nimewapa chai."

"Sisi hatukati, mzee," khotsa akamjibu. "Mimi nataka itembee."

"Itembee iende wapi?"

"Ibebe mbao. Na miwa, wakati wa miwa."

Mzee akamfukuza kuku kwa mkono, kuku akakataa kutoka. Kisha akasema, "Nitakupatia. Lakini mahali hii gari inaenda, na mimi naenda."

Khotsa alidhani ni namna tu ya kusema, kwamba mzee atakuja kulitazama siku mojamoja. Wakapeana mikono. Tuliporudi na magurudumu ya kuazima na trekta la kulivuta, tulimkuta Mzee Rajabu amekwisha kuketi ndani, nyuma ya usukani, na begi lake, birika, na mkeka wa kuswalia umekunjwa vizuri kitandani. Mkewe, Mama Zuhura, alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, mikono kifuani. Tulipokuwa tunafunga mnyororo aliniita kando akaniambia, "Huyu mtu hakulangi mboga bila chumvi mingi. Usimpatie mingi." Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mzee anahama kweli.

Alihamia yadini kwetu, ndani ya lori. Asubuhi aliamka mapema kuliko sisi, akatawadha kwenye mfereji, akaswali kando ya rundo la matairi, kisha akachemsha chai yake na kukaa mlangoni mwa kile kichwa, miguu ikining'inia, akimsalimia kila mpita njia. Khotsa, ambaye alikuwa Mkristo wa kupiga ngoma na kuimba, alijifunza saa za swala za mzee, na zilipofika alizima grainda bila kuambiwa na mtu. Kuku wakiletwa, Mzee Rajabu ndiye aliyechinja ili sote tule. Nakumbuka chakula cha mchana cha siku zile kuliko vyakula vingi vya karamu nilivyokula baadaye: obusuma, ule ugali wetu, uliowekwa katikati kwenye sinia, mchuzi wa ingokho, yaani kuku, sisi watu watatu tukiwa na mikono iliyooshwa kwa sabuni ya unga lakini bado kucha ni nyeusi, na mzee akieleza mteremko wa mahali fulani ambapo breki ziliwahi kumshinda, khotsa akiuliza, "Ulikuwa gia gani?" kama mtu anayeuliza jina la mtoto.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Lori la aina hii limeundwa ili kichwa chote kiinuke kiinamie mbele, ndipo fundi aifikie injini. Hicho chetu kilikuwa kimeshikwa na kutu hata hakikutikisika. Tulisimamisha miti mitatu ya mikaratusi, tukafunga mnyororo wa kuvutia juu, tukaking'oa kabisa na kukikalisha juu ya mapipa manne pembeni ya yadi. Mzee alipaswa kutafutiwa mahali pengine pa kulala. Alikataa. Alipanda ngazi akaingia humohumo, juu ya mapipa, na kwa miezi mingi nyumba yake ilikuwa kichwa cha lori kisicho na lori chini yake.

Humo ndimo nilimojifunza kuendesha. Mchana jua likiwa kali na khotsa amelala chini ya mkokoteni wa mtu, mzee aliniita, "Mama, panda." Nilikaa kiti cha dereva. Kwa kuwa usukani ulikuwa hauna kitu unachogeuza na mti wa gia tuliuacha kule chini kwenye injini, alichomeka fimbo ya kuswagia ng'ombe kwenye kopo la mchanga, akaniwekea kando ya goti. "Hii ni gia. Sasa tunapanda, gari imejaa, injini inalia. Unafanya nini?" Nikasukuma fimbo. "Hapana. Umeua gari. Sikiza kwanza." Naye akalia kwa mdomo, sauti ya injini inayoelemewa, mzee wa heshima na kofia yake nyeupe, mpaka wapita njia wakasimama. Nilicheka mara ya kwanza, mara ya pili nikasikiliza. Alinifundisha kukanyaga klachi mara mbili, kusikia mlio unaposhuka, kungoja. Mimi mpaka leo hufikiri kwamba kusikiliza watu nilifundishwa hapohapo, na mtu aliyekuwa akiigiza injini.

Mvua za masika zilipoanza, Mama Zuhura alikuja. Alishuka barabarani na kikapu kichwani, akauliza mume wake yuko wapi, akaonyeshwa mapipa. Alipanda ngazi bila kusita. Mimi nilikuwa chini napiga msasa chuma, na mabati yale yalikuwa mepesi, nikasikia kila kitu.

"Nimekuja unipeleke nyumbani ama nikupeleke," alisema. "Watu wanauliza kama umekufa."

"Gari haijakwisha."

"Hii gari haijawahi kwisha, Rajabu. Nimezaa ukiwa kwa hii gari. Mama yako akakufa ukiwa kwa hii gari." Kisha akauliza kwa sauti nyingine, "Pale Turbo ulikuwanga unalala kwa nani?"

"Nilikuwanga nalala hapa. Kwa hiki kitanda."

"Kila dereva husema hivyo."

"Nilikuwanga nakula kwa Mama Chebet, hotelini. Halafu nalala hapa."

"Huyo Mama Chebet ndiye nimekuwa nikisikia jina lake tangu nikiwa msichana," alisema. Niliacha msasa nikaenda kuweka chai, kwa sababu sikujua pa kuweka macho yangu watakaposhuka. Lakini alikuwa amekuja na sufuria yake kikapuni, na jioni ile hakuondoka. Alibaki. Alisema anangoja mvua ipungue, na mvua ilipopungua akasema njia bado mbaya.

Basi tukawa watu wanne, na ndipo likatokea la kutuvunja moyo. Khotsa alikuwa amezifungua pistoni zilizokwama, kwa subira ya majuma, akizilowesha dizeli na kuzigonga kwa kipande cha mbao. Aliposafisha chuma kikubwa cha injini akaona ufa, mrefu kama kiganja, umekwenda mpaka ndani. Aliuchunguza kwa tochi, akaupaka chaki, akafuta, akapaka tena. Kisha akaketi juu ya tairi akatuambia kwamba ufa wa mahali pale hauchomeleki, na injini ya aina hiyo haitengenezwi tena mahali popote anapojua. "Nimepoteza wakati wenu," alisema. "Tulikate tu, mzee. Nisamehe." Mzee Rajabu alipanda juu ya mapipa, tukamsikia anakunja mkeka.

Aliyesema ni Mama Zuhura. Alikuwa anachambua mboga, na hakuinua kichwa. "Hii gari haikatwi," alisema.

"Mama, ufa huo..." khotsa akaanza.

"Mimi nimeolewa na dereva, na sijawahi kwenda na yeye hata mahali moja. Kampuni ilikataza wanawake. Kila wiki mimi ni wa kusimama mlangoni naangalia mataa ya nyuma. Sasa hakuna kampuni. Nataka kupanda hii gari niende Turbo, nione huko kuko nini. Nikisharudi, mkate kama mnataka."

Khotsa alimtazama mke wa mwenzake kwa muda. Sijui kama alielewa yote aliyoyasema, maana hakuwa amesikia yale ya juu ya mapipa. Alisema tu, "Sawa, mama," na kesho yake akaanza kuzunguka kuuliza. Aliuliza Mumias, Bungoma, Luanda. Mwishowe fundi mmoja seremala akamkumbusha kwamba upande wa Buyangu, karibu na msitu, kulikuwa na mashine ya kupasulia mbao iliyonyamaza tangu serikali izuie ukataji wa miti, na mashine zile nyingi zilisukumwa na injini za malori. Tulienda mimi na yeye. Ndani ya banda lililofunikwa na mimea ya kutambaa, chini ya vumbi la mbao lililogeuka udongo, injini ilikuwako. Khotsa alipangusa kwa mkono wa shati akasoma herufi zilizochorwa kwenye chuma, kisha akaniambia, "Ayuma, ni dada yake kabisa." Ndiyo mara moja tu niliyomwona analia kwa ajili ya kazi.

Kuanzia hapo kila kitu kilikwenda mbele. Injini ikaja, ikafunguliwa, ikaoshwa, niliosha mimi. Vioo vya mbele tulivikatisha kwa fundi wa madirisha mjini, kwa kuwa vya lori hilo vilikuwa viwili na bapa, vya kukatika kirahisi. Nilipopiga msasa rangi ya kijani ya juu nikakuta ya buluu, chini yake rangi ya maziwa yenye mstari mwembamba mwekundu, na Mzee Rajabu akaugusa ule mstari akasema, "Nilikabidhiwa ikiwa hivi." Tukaipaka hivyo, tukakishusha kichwa kutoka kwenye mapipa na kukirudisha mahali pake juu ya injini. Breki za upepo ndizo zilizotusumbua mwisho. Upepo ulikuwa unatoroka mahali pasipoonekana, na kazi yangu ilikuwa kutambaa chini na kopo la maji ya sabuni, kupaka kila kiungo cha bomba na kungoja povu livimbe. Mama Zuhura aliinama kando akinisaidia kutazama. "Pale," alisema, akionyesha kwa mwiko, na kweli palikuwa pale.

Siku injini ilipowaka, moshi mweusi uliijaza yadi na mafundi wa jirani wakaja kukohoa pamoja nasi. Khotsa aliizungusha mtaani kwanza, akarudi anaimba, kisha akamwachia Mzee Rajabu kiti, kama ilivyostahili. Mzee alipanda, akaketi wima. Alikanyaga klachi, nikaona uso wake unabadilika. Goti la kushoto halikuwa na nguvu ya kuikanyaga mpaka chini. Alijaribu tena. Sisi sote tuliangalia chini. Baadaye alisogea kiti cha pili, akapigapiga kile alichoacha, akasema, "Mama, panda," kwa sauti ileile ya juu ya mapipa. Nilikuwa nimekwisha kufanya mtihani wa malori kwa lori la kukodi, nikaanguka, nikarudia, nikapita. Nilipanda.

Lori hilo lilibeba mbao na miwa ya khotsa kwa miaka mingi, na mimi nililiendesha kabla ya kwenda kuendesha magari ya watu wengine, mpaka Malaba na mpaka Mombasa, hadi nilipostaafu. Mzee Rajabu alirudi Musanda na mkewe mwisho wa mwaka ule na akafa nyumbani, kwa amani. Khotsa naye hayupo sasa. Lakini safari ya kwanza ya kutoka nje ya Kakamega ndiyo niliyoulizwa, na ilikuwa hivi.

Tuliondoka asubuhi. Khotsa alibaki yadini, akisema nafasi ni ya wenyewe. Mama Zuhura alivaa gauni la sikukuu na buibui jipya, akakaa kitandani nyuma yetu, akishika migongo ya viti vyote viwili. Tulipita Malava, tukafika Webuye, tukashika barabara ya kupanda. Mzee hakunifundisha kitu njiani. Alitaja tu: hapa palikuwa na daraja jembamba, hapa aliwahi kulala siku mbili kwa sababu ya ekseli, hapa kuna baridi. Mkewe aliuliza, "Peke yako?" naye akajibu, "Na nani mwingine?"

Turbo tuliegesha mbele ya hoteli aliyotuonyesha, akashuka akijinyoosha shati, akaingia kama mtu anayeingia kwake. Ndani palikuwa na meza za plastiki na televisheni. Msichana wa hoteli akaja.

"Mama Chebet yuko?" mzee akauliza.

"Nani?"

"Mwenye hoteli."

Msichana akasema mwenye hoteli ni bwana fulani kutoka Eldoret, na kwamba yeye hajawahi kusikia mtu wa jina hilo. Akamwita mpishi. Mpishi naye hakumjua. Mzee akaeleza: mama mnene, anacheka sana, meza za mbao, dirisha lilikuwa upande huu. Akaonyesha ukuta usiokuwa na dirisha. "Mimi ni Rajabu," alisema. "Rajabu wa sukari." Wakamtazama kwa adabu. Nilimwona anapungua pale aliposimama, mikono haijui pa kukaa, na nikamgeukia Mama Zuhura, kwa maana ndiye aliyekuja mbali kuona sura ya mtu na hakuiona. Alikuwa na nafasi ya kuuliza zaidi. Angeweza hata kucheka.

Alivuta kiti, akamketisha mumewe. Kisha akamwambia yule msichana, taratibu, kama anayemtambulisha mgeni wa heshima, "Huyu ndiye alikuwa analeta sukari mpaka huku, kabla wewe uzaliwe. Na ile gari unaona pale nje ni yake. Tuletee chai ya maziwa, na yake uitie sukari mingi." Msichana akachungulia nje, akaliona lori la rangi ya maziwa, akamwuliza kama mtu na babu yake, "Ni yako, guka? Ni smati." Mzee akainua uso. Wakati chai inafika alikuwa amekwisha kumweleza habari za ule mteremko na breki, na msichana alikuwa ameegemea meza anasikiliza.

Wakati wa kurudi alichoka, akabadilishana nafasi na mkewe. Alilala kwenye kitanda chake nyuma, tukamsikia anakoroma kabla hatujafika Lumakanda. Mama Zuhura alikaa mbele, magoti pamoja, mkoba mapajani, akitazama barabara ikishuka mbele yetu, milima ya Webuye mbali, mashamba ya mahindi pande zote, na vijiji tulivyopita vikiisha na vingine vikianza.

"Kumbe ni mbali hivi," alisema.

Nilishusha gia. Hakuwa akisema na mimi.